Mkuu wa Mafuta wa Sina Haraka

Jumatatu, 2 Desemba

Leo nimeteuliwa kuwa Mkuu wa Mafuta wa boti ya Mjomba. Nimejiteua mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga, na Mwalimu wa Uraia alitufundisha kwamba anayenyamaza naye amepiga kura.

Niandike kwa utaratibu, ili wajukuu zangu waelewe. Mjomba, kaka yake Mama, ana boti ndogo ya injini iitwayo Sina Haraka. Huwatembeza watu ziwani: watu wa likizo, wachumba, na mara moja wafanyakazi wa benki, ambao walitapika. Boti hufungwa gatini, nafasi ya tatu kutoka kwenye pampu ya petroli. Ni nafasi nzuri sana. Mteja akishuka ngazi tu, macho yake yanaangukia Sina Haraka.

Sasa tatizo. Msimu huu Mjomba amemwaga petroli ziwani mara mbili wakati wa kujaza tangi. Mara ya kwanza alikuwa anasimulia kisa. Mara ya pili alikuwa anamalizia kisa kilekile. Msimamizi wa gati, ambaye sote tunamwita Mama Filimbi kwa sababu ya kitu anachovaa shingoni, amempa barua. Boti itakayomwaga mara ya tatu itanyang'anywa nafasi yake na kuhamishiwa upande wa pili wa ghuba, kwenye matete. Huko hakuna ngazi. Hakuna wateja. Kuna vyura. Mjomba aliisoma barua mezani kwetu, akaikunja mara nne, akasema akipelekwa kwenye matete atauza boti na kurudi kuuza mabomba ya maji dukani kwa shemeji yake. Alicheka aliposema hivyo, lakini chai hakuimaliza.

Ndipo nikasimama. Nikasema kuanzia leo mafuta niachiwe mimi. Niko kidato cha pili, mwandiko wangu unasomeka, na katika Fizikia, mada ya joto, nilipata tisini na nne. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mama alisema afadhali niende gatini kuliko kushinda nyumbani nikisahihisha sarufi ya watangazaji wa redio. Bibi alinyamaza. Hiyo ndiyo kura niliyoitaja.

Jumanne, 3 Desemba

Siku ya utafiti.

Nilikwenda kwa Fundi Pampu, mtu mzima mwenye ovaroli ya bluu ambaye huuza petroli gatini na husema maneno kumi kwa siku. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba anifundishe. Aliniuliza kama viatu vyangu vinateleza. Nikamwonyesha nyayo. Akakubali.

Kanuni ni hizi. Boti ifungwe kamba mbele na nyuma, isicheze. Injini izimwe, na kila kitu cha umeme. Abiria washuke wote, hata yule anayedai goti linamuuma. Sigara hapana. Mdomo wa pampu uguse ukingo wa tundu la tangi muda wote. Ubavuni mwa boti kuna kitundu ambacho tangi hupumulia. Hapo pashikiliwe kitambaa, maana petroli ikikaribia kujaa hutemea hapo. Kumimina ni taratibu, sikio likiwa kazini. Ukimaliza, funga, futa, fungua vifuniko vya injini, washa feni ya kutoa hewa, kisha unuse kwa pua yako mwenyewe. Ikinuka petroli, usiwashe kitu.

Nimeyaandika yote kwa wino wa bluu. Vichwa vya habari kwa mwekundu.

Kanuni ya mwisho nimeiandika kwa penseli. Inasema usijaze mpaka juu, acha nafasi. Nilimuuliza kwa nini. Fundi Pampu alikuwa ameitwa na mteja, akasema tu niache nafasi, tangi nalo linataka kuvuta pumzi. Jibu zuri kwa somo la ushairi. Nimelitafakari njia nzima na nimefikia uamuzi kwamba kanuni hiyo imetungwa kwa ajili ya watu wasiojiamini. Mwenye sikio zuri anaacha nafasi ya nini? Tangi lisilojaa ni kazi isiyokwisha.

Nambari Wani naye alikuwepo. Huyu ni msichana wa darasani kwetu ambaye amekuwa wa kwanza mihula mitano mfululizo. Mimi nimekuwa wa pili mihula mitano mfululizo, na hilo nalo linahitaji uthabiti. Baba yake ana ile boti kubwa nyeupe ya nafasi ya kwanza. Alikuwa anaijaza mwenyewe, amezungushia mdomo wa pampu kitambaa cheupe cha kunyonya mafuta, kama mtoto aliyevalishwa bibu. Hakumwaga. Akanisalimu vizuri. Akauliza goti la Bibi linaendeleaje.

Sijui anataka nini.

Jumatano, 4 Desemba

Mazoezi. Nyumbani, uani, kwa maji.

Nimegundua kwamba chombo kinachojazwa huzungumza. Kikiwa kitupu hunguruma. Kikifika nusu huimba. Kikikaribia ukingoni hupiga mluzi mwembamba, na hapo ndipo mkono wa bingwa husimama. Nilijifunga macho kwa kitambaa cha Mama na kujaza kila nilichokipata kwa kusikiliza tu: ndoo, sufuria, jagi, birika, mtungi, kiatu cha mvua cha Mjomba. Vyote mpaka mdomoni, hakuna kilichomwagika.

Chombo cha kumi na tisa kilikuwa beseni. Sikujua kwamba Bibi alikuwa amekaa pale, anakanda miguu yake kwa maji ya moto, na kwamba miguu ikiwa ndani sauti hubadilika. Bibi hakunyanyuka. Alinitazama huku maji yakimfika kwenye sketi, akasema, "Mke mwenzangu, kama umepanga kunizamisha niambie mapema, niage watu."

Nilimweleza kwamba hilo ni kosa la vipimo.

Matokeo: kumi na nane kati ya kumi na tisa. Asilimia tisini na nne nukta saba. Nambari Wani hajawahi kupata nukta saba.

Alhamisi, 5 Desemba. Saa tatu asubuhi

Naandika nikiwa gatini. Mambo kama haya hayafai kusubiri nifike nyumbani.

Nimeweza!

Saa moja kamili tulikuwa kwenye pampu. Baridi. Ukungu juu ya maji. Petroli hukaa kwenye tangi kubwa chini ya ardhi, na mpira wa pampu ulikuwa wa baridi mpaka vidole vikauma. Nilifunga kamba mbili. Nilimshusha Mjomba, ambaye alidai yeye si abiria. Nikashika kitambaa kwenye kitundu kwa mkono wa kushoto, mdomo wa pampu kwa wa kulia, nikafumba macho. Tangi likanguruma. Likaimba. Likapiga mluzi. Hapo mtu wa kawaida angeacha. Mimi niliongeza kidogokidogo, kama mtu anayetia dawa jichoni, mpaka nilipofumbua macho nikaiona petroli yenyewe shingoni mwa tangi, inang'aa, imetulia, inanitazama.

Hakuna hata tone. Kitambaa kikavu kama kilivyotoka kabatini.

Fundi Pampu alikuwa ndani anahesabu makopo ya oili. Alipotoka nilikuwa nimeshafunga, nimeshafuta, nimeshanusa. Alitazama namba kwenye pampu, akatazama boti, akaniuliza tangi hili huchukua kiasi gani. Nikamjibu kwamba huchukua chochote linalopewa. Akafungua mdomo aseme neno, ila kukawa na mteja anapiga honi.

Nilimwita Mama Filimbi aandike kwenye daftari lake la gati: Sina Haraka, saa moja na robo, hakuna tone. Akaandika. Nikamwomba aweke sahihi. Akaniangalia kwa muda, kisha akaweka.

Mjomba alinishika mkono mara mbili, mara ya pili kwa mikono yote miwili. Akasema, "Mpwa wangu, leo nitalala." Ndipo nikajua kwamba tangu barua ije alikuwa halali. Jumapili tuna safari kubwa: wazee wawili wanaotimiza miaka arobaini ya ndoa, pamoja na watoto na wajukuu wao. Wateja kama hao huleta wengine. Bila nafasi yetu hapa wasingetuona kabisa. Boti imerudishwa nafasi ya tatu, na Mjomba amekwenda kuwachukua wazee waje waione.

Nimepita mbele ya boti nyeupe mara tatu. Polepole.

Alhamisi hiyohiyo, jioni

Mikono yangu inanuka sabuni.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa shajara si gazeti. Kufikia saa sita ukungu ulikuwa umekwisha zamani na jua lilikuwa linachoma mpaka mbao za gati zinalia. Nilikuwa nimekaa kivulini nikichora beji ya Mkuu wa Mafuta. Nikasikia tap. Nikatega sikio. Tap, tap. Nikainuka. Sina Haraka imefungwa, imezimwa, haina mtu, haina pampu, na petroli inatoka yenyewe kwenye kile kitundu cha ubavuni, inateremka, inaingia majini. Juu ya maji rangi zote za upinde wa mvua zilikuwa zinatanuka kuelekea kwenye ngazi.

Nilifikiri haraka. Mafuta kwenye sahani huondolewa na nini? Sabuni. Nikakimbilia jikoni kwenye mgahawa wa gati, nikaazima chupa ya sabuni ya vyombo kwa mpishi ambaye hakuwa anatazama. Niliporudi nikamkuta Nambari Wani amelala kifudifudi pale ukingoni, sketi na yote. Kwa mkono mmoja amebana kitambaa kwenye kitundu, kwa mwingine anatandaza vile vitambaa vyake vyeupe juu ya maji, kimoja kimoja, kama anatandika kitanda. Nikamwambia aondoke, anavuta macho ya watu. Akasema tafadhali nisimwage hiyo sabuni. Alisema tafadhali mara mbili.

Nikamwaga chupa nzima.

Zile rangi zikatoweka! Kwa muda wa dakika moja hivi nilikuwa mwanasayansi mkubwa kuliko wote niliowahi kuwajua. Kisha boti ikapita, wimbi likapiga, na povu likainuka. Likajaza nafasi ya tatu. Likaenda nafasi ya nne na ya tano. Likapanda ngazi ya kwanza.

Filimbi ililia mpaka ndege wakaruka.

Mama Filimbi alieleza mbele ya watu wote kwamba sabuni haiondoi petroli. Huivunjavunja tu na kuishusha chini kwa samaki, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Alisema jambo hilo limeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Tukatazama ubao. Ulikuwa haujulikani umeandikwa nini, kwa sababu nilikuwa nimetundika mkoba wangu juu yake.

Na hapo Mjomba akatokea juu ya ngazi na wale wazee wawili. Bi mkubwa alishika mkono wa mumewe. Bwana mkubwa aliuliza kwa upole kama boti huoshwa hivi kila siku. Mjomba alikuwa na visa vya kila aina, lakini hakusimulia chochote.

Ameitwa ofisini Jumamosi saa nne. Mimi pia.

Ijumaa, 6 Desemba

Sikula asubuhi. Nilikula mchana, mara mbili.

Nilipokuwa naosha sahani nikakumbuka kila kitu. Kimiminika kikipata joto hupanuka! Ukurasa wa arobaini na moja, mchoro wa pili! Petroli ilitoka ardhini ikiwa ya baridi, jua likaipasha, ikatanuka, ikakosa pa kwenda, ikatoka. Nilirukaruka jikoni. Maana yake ni wazi: aliyemwaga si mimi. Ni jua.

Nimeandika utetezi wa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza unaeleza tabia ya jua. Wa pili unaeleza tabia yangu. Wa tatu unaonyesha kwamba sisi wawili hatukuwa na makubaliano yoyote. Wa nne ni shukrani.

Jioni Mjomba akaja. Alikaa uani na simu mkononi, ukurasa wa namba ya shemeji yake wa mabomba umefunguka, hapigi, hafungi. Nilimsomea ukurasa wa kwanza ili kumchangamsha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo jambo hili ulikuwa unalijua?"

Nikamwambia ndiyo, kwa alama tisini na nne.

Aliigeuza simu kifudifudi juu ya goti. Nadhani alikuwa anajivuna kuwa na mpwa kama mimi.

Jumamosi, 7 Desemba

Ofisi ya gati ni ndogo. Meza, feni, viti vitatu, na maboya ya kuvaa yametundikwa ukutani kama watu waliochoka. Tulikuwa watano: Mama Filimbi, Fundi Pampu, Mjomba, mimi, na Nambari Wani, ambaye aliitwa kama shahidi na alikuja na mfuko mkubwa wa plastiki uliofungwa barabara.

Nilisimama, nikasoma kurasa tatu. Mama Filimbi hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja: jua huchomoza kila siku juu ya boti zote ishirini na mbili, mbona ishirini na moja hazikumwaga? Nikasema zina bahati.

Nambari Wani alisema, kwa sauti ya chini, kwamba huachiwa nafasi.

Fundi Pampu akasema tangi la lita sitini lilikuwa limekunywa sitini na zaidi, mpaka kwenye shingo. Alisema na yeye ana kosa, angesimama pale. Hayo yalikuwa maneno mengi kwake na alikaa chini.

Kisha Nambari Wani akafungua mfuko. Ndani vilikuwamo vile vitambaa vyeupe, sasa vya rangi ya chai. Alieleza kwamba petroli iliyotoka haikuzidi vikombe viwili na karibu yote imo humo, aliikamata kabla ya sabuni. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba asubuhi ile aliniona nikijaza, na kwamba kamba zangu na mkono wangu vilikuwa sawasawa kuliko vya watu wazima wengi. Nimeyanakili maneno hayo pembeni mwa ukurasa wa nne, neno kwa neno. Masikio yangu yalipata moto. Sijui kwa nini, maana feni ilikuwa inafanya kazi.

Mama Filimbi akasema sheria ni sheria, na hii ni mara ya tatu. Akavuta kalamu.

Mjomba akasimama. Kofia mkononi.

"Mama, mtoto asilaumiwe," alisema. "Miaka tisa mimi najaza mpaka mdomoni. Nilikuwa sijui kama kuna kuacha nafasi. Watu wote hapa wanajua, nikaona haya kuuliza. Zile mara mbili zilikuwa hivyo hivyo. Visa vilikuwa vya kuficha tu."

Nilimtazama Mjomba na nikaona ana nywele nyeupe juu ya sikio ambazo Jumatatu sikuziona.

Mama Filimbi aliweka kalamu chini. Alisema yuko gatini hapa mwaka wa kumi na mbili, na kila anayemwaga humwambia ni wimbi. Wote, wimbi, hata siku ambayo ziwa limelala kama sakafu. Huyu ni wa kwanza kumwambia hakujua.

Uamuzi: nafasi ya tatu ibaki ya Sina Haraka mpaka mwisho wa msimu. Ila petroli itatiwa na Fundi Pampu mwenyewe, na Mjomba atasimama kando yake ajifunze. Nami nisivuke mstari. Nikauliza mstari upi. Mama Filimbi akasema utachorwa leo.

Mjomba alivaa kofia yake kinyume na hakujua. Nje alinishika bega mpaka tukafika ngazini. Ukurasa wa nne haukusomwa. Lakini ni wazi kwamba ulifanya kazi.

Jumapili, 8 Desemba

Mstari umekauka. Ni wa manjano, upana wa kiganja, hatua kumi kutoka kwenye pampu, na unakwenda gati zima kutoka upande huu mpaka upande ule. Rangi ya kopo zima. Hakuna mwanafunzi mwingine wa kidato cha pili aliyechorewa kitu na msimamizi wa gati. Nimeupima: mita sita na nusu.

Nilisimama nyuma yake, vidole vya viatu vikiugusa lakini haviuvuki, nikasimamia kazi. Fundi Pampu alijaza. Mjomba alikuwa ameinama kando yake, kitambaa mkononi, akiuliza hiki ni nini na kile ni nini kwa sauti kubwa bila haya, kama mtoto wa chekechea. Walipoacha, tangi lilikuwa na nafasi ya kiganja kizima juu. Nilimsikitikia Fundi Pampu. Umri huo, sikio huanza kuchoka.

Nambari Wani alikuja akasimama nami nyuma ya mstari, ingawa yeye ana ruhusa ya kuvuka. Hakusema kwa nini. Kisha akaniuliza kama muhula ujao tunaweza kujisomea pamoja. Nimemkubalia. Kukaa kileleni peke yako kwa mihula mitano lazima kunachosha, na anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Wazee walipanda na watoto wao na wajukuu saba. Bi mkubwa alikaa mbele kabisa, amevaa boya juu ya gauni la hariri. Mjomba alifungua vifuniko, akawasha feni, akanusa, akanusa tena, akanipungia mkono, akawasha injini. Walirudi saa kumi wakiimba. Bwana mkubwa ameomba namba ya simu ya Mjomba kwa ajili ya ndugu zake wawili.

Sasa niko nyumbani. Nimeamua kuwaandalia wote shukrani, maana ile ya ukurasa wa nne hawakuisikia. Kesho nitawapelekea juisi ya machungwa iliyoganda barabara: Mama Filimbi, Fundi Pampu, Nambari Wani na baba yake, Mjomba, na yule mpishi wa sabuni. Nimekamua tangu nirudi. Chupa kumi na mbili za kioo, zile nzuri za Mama. Nimezijaza mpaka ukingoni kabisa, juu kabisa, nikazikaza vifuniko kwa nguvu zangu zote na kuzipanga ndani ya friza.

Bibi alipita akauliza kama nisingeacha nafasi kidogo. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo ya kuacha nafasi ni ya joto, na hii ni baridi. Kuhusu barafu, Mwalimu alisema tutaisoma muhula ujao, kwa hiyo kwa sasa haituhusu.